Redio za ridhaa kwenye msafara wa 4x4: gari la mwisho halisikiki

Mkia_wa_Msafara

Wakuu, salaam. Klabu yetu ina magari tisa, na safari zetu ni za siku mbili tatu porini: makorongo, mchanga, milima. Kwa sasa tunatumia woki-toki za nusu wati zisizohitaji leseni. Gari la mbele likishapita kona mbili, la mwisho halisikii kitu. Sita kati yetu wana leseni ya redio za ridhaa (redio za wapenzi wa mawasiliano, si za biashara), watatu bado wanasoma. Naomba msaada kwa haya:

1. Tununue redio za mkononi za wati 5, au za kufunga garini za wati 50?
2. Antena ikae wapi? Magari mawili yana bodi ya alumini, na pikapu moja ina kanopi ya faiba.
3. Tukiwa bondeni na kambi iko ng'ambo ya mlima, tunafanyaje?

Robo_Wimbi

Mkuu, anza na antena, wati zitafuata. Kupanda kutoka wati 5 hadi 50 ni desibeli 10. Redio ya mkononi ikitumiwa ndani ya kabini, na kile kiantena chake cha mpira, inaweza kupoteza kiasi hicho chote kwa sababu imezungukwa na chuma. Toa antena juu ya paa na redio ileile inakuwa kitu kingine. Tena faida ni ya pande mbili, unasikika na unasikia. Wati 50 hazimsaidii mtu kusikia.

Kwa msafara chukua antena ya robo ya wimbi kwenye bendi ya mita 2 (masafa ya karibu 145 MHz). Hesabu ni 300 kugawa kwa 145, unapata mita 2.07, na robo yake ni sentimita 52 hivi. Ikishafungwa, urefu halisi huishia kwenye 49 au 50. Kata fimbo kwenye 52, funga, kisha pima SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena badala ya kwenda hewani) katika sehemu tatu za bendi. Ikiwa ndogo zaidi upande wa chini wa bendi, fimbo ni ndefu, kwa hiyo punguza milimita 3 na upime tena. Ikiwa ndogo zaidi upande wa juu, umeshakata mno, tafuta fimbo nyingine. Chini ya 1.5 ni safi, hadi 2 usihangaike, ikifika 3 redio nyingi hujipunguzia nguvu zenyewe. Pima gari likiwa mahali pa wazi, milango imefungwa, na mtu asiiegemee bodi.

Wengi hukimbilia antena ndefu ya 5/8 ya wimbi kwa sababu kwenye makaratasi ina nguvu zaidi. Nguvu hiyo inaipata kwa kubana mawimbi yaelekee upeo wa macho. Gari likilala nyuzi 20 korongoni, upande mmoja mawimbi yanapiga ardhi na upande wa pili yanapaa angani. Isitoshe, ina zaidi ya mita moja, na matawi hayaihurumii.

Mahali pazuri kuliko pote ni katikati ya paa. Antena ikikaa pembeni, inasukuma zaidi upande wenye chuma kingi. Na usiiweke katikati ya majerikeni kwenye keria, itazibwa na SWR itayumba kila mnapopakua.

Alumini haina shida kama uwanja wa chuma chini ya antena, ila sumaku haishiki. Tumia braketi au toboa. Braketi lazima iguse chuma kitupu: kwangua rangi sehemu ya ukubwa wa sarafu, weka washa ya meno, kaza, kisha paka grisi juu yake maji yasiingie. Rangi ya unga kwenye keria haipitishi umeme, na hapo ndipo wengi hukwama: braketi imekaza vizuri, SWR ni 3, mtu anailaumu antena.

Kanopi ya faiba haina uwanja wowote. Hamishia antena kwenye boneti, au nunua ya nusu wimbi (kama mita moja) ambayo haihitaji chuma chini yake.

Kwa watakaobaki na redio za mkononi: kati ya redio na kebo ya antena wekeni kipande kifupi cha kebo laini. Adapta ngumu iliyobeba kebo nzito hung'oa plagi ya redio.

Fyuzi_20A

Naongezea upande wa umeme. Redio ya wati 50 hula ampia 10 hadi 12 ukiwa unasema. Usiitie kwenye tundu la kuwashia sigara. Dalili yake inajulikana: kusikiliza iko sawa, ukibonyeza kusema kioo kinafifia au redio inajizima na kuwaka upya.

Vuta waya moja kwa moja kutoka betri. Kwa urefu wa mita 4 kwenda na 4 kurudi, waya wa milimita za mraba 1.5 unapoteza karibu volti 1 kwenye ampia 11. Wa milimita za mraba 4 unapoteza kama 0.4. Fyuzi ya ampia 15 au 20 ikae ndani ya sentimita 20 kutoka kichwa cha chanya. Kazi ya fyuzi hiyo ni kulinda waya, kwa hiyo ikikaa karibu na redio haina maana: waya ukichunika kwenye ukuta wa injini, moto unaanza kabla ya kuifikia. Pale waya unapopita ukutani weka mpira. Gari lenye kihisi cha mkondo kwenye kichwa cha hasi, funga hasi ya redio upande wa bodi, si juu ya kihisi.

Sasa kelele. Mluzi unaopanda na kushuka na mwendo wa injini ni altaneta, na mara nyingi tatizo ni eathi mbovu. Lakini adui mkubwa wa magari ya porini ni taa za LED na chaja za USB za bei poa. Hazipigi kelele ya kusikika, zinafunika tu stesheni dhaifu. Mchana mnasikilizana kilomita 8, usiku mkiwasha taa za mbele mnabaki na 2, halafu lawama anabebeshwa mlima. Kujua ni rahisi: gari moja lisimame mbali hadi lisikike kwa shida, kisha washa kifaa kimoja kimoja ukiwa unasikiliza. Chaja mbovu itupe. Taa, zungusha nyaya zake mara 5 hadi 7 kwenye feraiti (pete ya kuzuia kelele) karibu na taa yenyewe, na usogeze antena mbali nazo.

Mkia_wa_Msafara

Nimewaelewa, asanteni sana. Je, wale watatu wasio na leseni? Na tukae masafa gani?

Simpleksi

Wasio na leseni wasikilize tu, ruksa ya kusema chini ya usimamizi wa mwenye leseni inategemea sheria ya nchi. Waachieni zile woki-toki za zamani, na gari lililo katikati lishike redio zote mbili. Hatari ya maisha ni suala jingine: kanuni za ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) hazimzuii aliye kwenye dhiki kutumia njia yoyote ya redio aliyonayo kuomba msaada. Ila kama safari ni ya kulipiwa na wateja, redio ya ridhaa haifai, hairuhusiwi kutumika kibiashara.

Msikalie masafa ya wito (145.500 MHz katika Kanda ya 1 ya ITU, yenye Afrika na Ulaya, 146.520 Marekani). Itaneni hapo, kisha hameni. Katika Kanda ya 1 kaeni pia mbali na 144.800, ambako mfumo wa APRS hutuma mahali gari lilipo, na mbali na 145.800 kwenda juu, pale pa setilaiti. Chagueni masafa mawili ya simpleksi (redio kwa redio moja kwa moja) kufuatana na mpango wa bendi wa kwenu, halafu mpange kumbukumbu sawa kwenye kila redio: 1 msafara, 2 akiba, 3 wito, 4 ripita (kituo kinachopokea na kurusha upya). Mtu akisema "nenda mbili", wote wanajua ni wapi.

Kabla ya kuondoka angalieni mambo mawili kwenye menyu. Toni ya kupokea (alama inayotumwa chini ya sauti ili kufungua redio ya anayesikiliza) izimwe, kwa sababu aliyeiwasha hasikii yeyote asiyetuma toni hiyo na ataapa redio yake ni mbovu. Na upana wa FM ufanane: mmoja akiwa 12.5 kHz na wengine 25, yeye atasikika sauti ndogo, na wengine watamkwaruzia.

Mgongo_wa_Mlima

Swali la tatu. Upeo wa redio kwa kilomita ni 4.12 mara jumla ya vipeuo vya pili vya urefu wa antena mbili kwa mita. Antena mbili zilizo mita 2 juu ya ardhi tambarare zinakupa kama kilomita 12. Pandisha gari moja kilimani mita 100, unapata 47. Kwa hiyo kabla ya kuteremka bondeni, acheni gari moja juu. Dereva wake apokee ujumbe na kuurudia neno kwa neno. Njia hii haiharibiki.

Redio ya bendi mbili inayoweza kurudisha yenyewe kutoka bendi hadi bendi hufanya kazi hiyo bila mtu kurudia, kama sheria inaruhusu na mwenye leseni yupo kuidhibiti. Hapo chunga joto, maana inatuma muda wote mtu yeyote anaposema. Ishushe hadi wati 5 au 10, iweke pasipo jua, na kikomo cha kutuma kiwe dakika 3. Kwenye redio hiyo tu, upande wa kupokea wa bondeni weka toni na walio bondeni waitume, la sivyo kelele yoyote itakayofungua skwelchi (kizuia kelele cha redio) itarushwa hewani hadi betri iishe.

Mlima ukiwa mkubwa mno, VHF (bendi kama hiyo ya mita 2) imeshindwa. Mwenye leseni inayoruhusu HF (masafa ya chini zaidi) atandaze dipoli, yaani antena ya waya, ya 7 MHz, mita 10 kila upande, kimo cha mita 3 au 4 tu. Ikiwa chini hivyo inarusha karibu wima, na ishara inarudi kutoka angani hadi ng'ambo ya mlima. Usiku 7 MHz mara nyingi haishuki tena karibu, ndipo mnahamia 3.5, na waya unakuwa mara mbili.

Mkiwa mmebanana njiani shusheni hadi wati 5. Gari la wati 50 mita kumi mbele yako linaziba pokezi yako kabisa, humsikii wa mwisho hata akiita. Na kila mtu abonyeze, ahesabu moja, ndipo aseme. Neno la kwanza likikatika, "usipite kushoto" inafika "pite kushoto".