Naomba msaada: maneno ya Kiingereza ya kuzungumzia lugha zinazokufa

Wakuu, habari za muda huu. Nina mtihani wa Kiingereza wa kuzungumza, na mada niliyopewa ni kubadilika na kufa kwa lugha. Msamiati ninao, ila nikifungua mdomo maneno yanagongana. Mfano Kilatini: niseme "dead", "extinct" au "endangered"? Kamusi inanizungusha tu, neno hili linanipeleka kwa lile na lile linanirudisha kwa hili. Bado sijafika kwenye "evolve", "decline", "revive" na "preserve". Mnipe namna ya kuyatofautisha. Tafadhali msiniletee orodha, ninazo za kutosha.

Mzee wa Sarufi:
Kabla hujachagua neno jiulize: leo nani anaizungumza lugha hiyo, na mtoto anaipata wapi?

Wasemaji wapo lakini watoto hawairithi, hiyo ni "endangered". UNESCO wana ngazi zao hapo. Ikiwa watoto wengi bado wanaisema, ila labda nyumbani tu, wanaiita "vulnerable". Ikibaki kwa mabibi na mababu, wazazi wanaielewa lakini hawaongei nayo na watoto, ni "severely endangered". Hata hao wazee wakiwa wanaiongea kwa nadra na kwa vipande, ni "critically endangered". Mtahini atafurahi ukimpa ngazi badala ya kurudia "endangered" mpaka mwisho.

"Extinct" ni pale msemaji wa mwisho anapoondoka. Wazungumzaji wa Ubykh walihamishwa kutoka Kaukazi mwaka 1864 wakaishia Uturuki, vizazi vikahamia Kituruki, na Tevfik Esenç alipofariki mwaka 1992 hakubaki msemaji. Ile hatua ya katikati, watu kuiacha lugha moja na kushika nyingine, inaitwa "language shift": "they shifted from Ubykh to Turkish".

Kilatini hakina siku ya msiba. Wajukuu waliendelea kusema walichosikia kwa babu zao, kikageuka polepole kuwa Kiitaliano, Kifaransa, Kihispania, Kireno na Kiromania. Sema "a dead language", maana hakuna mtoto anayekipata kwa mama yake, kisha uongeze "it evolved into the Romance languages".

Pwaguzi:
Mzee kamaliza. Mimi na sarufi tu: "die out" haikubali kutendwa. Nimeshasikia watu wanasema "the language was died out", masikio yakauma. Ni "it died out" au "it is dying out". Na "decline" ikiwa nomino inataka "in": "the language is in decline", "a decline in the number of speakers".

Binti Nahau:
Kwenye "extinct" kuwa na tahadhari, wenyewe wanaweza kukasirika. Ned Maddrell, msemaji wa asili wa mwisho wa Kimanx cha kisiwa cha Man, alifariki mwaka 1974. Mwaka 2009 atlasi ya UNESCO ikakiandika kuwa "extinct". Wakati huo kulikuwa na shule ya msingi kisiwani inayofundisha kwa Kimanx. Watoto wakaandika barua kwa Kimanx kuuliza: kama lugha yetu imekufa, hii tunayoandikia ni ipi? UNESCO wakabadilisha, wakaandika "critically endangered". Kisa hiki kimoja kinakupa nafasi ya kutumia "native speaker", "die out", "revive" na "extinct" bila kuonekana umekariri.

Muuliza swali:
Hicho cha watoto nakichukua kizima! Swali la nyongeza: lugha ya watu wachache, nikiiita "dialect" ni sawa?

Mzee wa Sarufi:
Hapana. "Dialect" ni lahaja ya lugha fulani, kama Kimvita na Kiunguja ndani ya Kiswahili. Lugha yenye wasemaji kumi inabaki kuwa "language". Watu wengi huchanganya hapa, wengine kwa dharau tu.

Kalamu Nyeusi:
Wote mmeshika kufa, kubadilika mmekuacha. "Evolve" bila mfano ni maneno matupu. Mpe hii: zamani "deer" kwa Kiingereza ilikuwa mnyama yeyote, leo ni jamii moja tu ya wanyama wanaofanana na paa. Hapo unasema "its meaning has narrowed". Na "beef" imetoka Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, hiyo ni "loanword". Kitenzi chake ni "borrow", ingawa sijaona lugha iliyowahi kurudisha ilichokopa.

Muuliza swali:
😂😂 Ya mwisho. Kiebrania: "preserved" au "revived"?

Binti Nahau:
Vyote, ila kwa zamu. Kwa karne nyingi kilikuwa "preserved" katika maandishi na sala. Kama lugha ya kuongea nyumbani kilikuwa "revived" kuanzia mwishoni mwa karne ya 19. Eliezer Ben-Yehuda, aliyeongoza kazi hiyo, alimlea mwanawe aliyezaliwa mwaka 1882 kwa Kiebrania peke yake, lugha nyingine marufuku. Lugha ambayo bado ina wasemaji na inatiwa nguvu, tumia "revitalise".