Mtoto yuko darasa la kwanza, hajui kusoma. Naombeni ushauri wakuu

Baba Kijana: Wakuu, habari za jioni. Kijana wangu yuko darasa la kwanza, muhula umeisha, kusoma hakuna. Ukimpa kitabu cha shule anakitiririka chote, ila nikiziba picha kwa kiganja ananyamaza. Akiandika "baba" inatoka "dada". Wenzake wanasoma hadi maandishi ya kwenye daladala. Kuna mwalimu mstaafu Kibaha anapokea watoto, wanakaa kwake humohumo, miezi mitatu mtoto anarudi anasoma. Nimpeleke au nisubiri? Povu ruksa.

Mama wa Wanne: Akakae wapi tena? Hata bweni lenyewe serikali ilishazuia kuanzia awali hadi darasa la nne, waraka wa 2023. Sembuse sebuleni kwa mtu! Kwani ana miaka mingapi?

Baba Kijana: Siyo bweni mama, ni familia tu, anakula nao meza moja. Nimeelekezwa na mtu wa ofisini ninayemwamini.

Chuma Chakavu: Katuni hizo. Simu mnawapa tangu asubuhi. Sisi tulichapwa na tukajua.

Mzee wa Kisomo: Mmenikumbusha mbali. Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, mama yangu naye akajiandikisha kisomo. Jioni anatoka shamba, anaoga, anakwenda kukalia dawati langu lilelile. Barua ya kwanza aliyoisoma mwenyewe ilitoka kwa mjomba, Tanga. Ndipo akagundua miaka yote baba alikuwa akimsomea barua anaruka sehemu za kuombwa hela. Siku hiyo hatukula.

Chuma Chakavu: 😂😂 Mzee, fungua uzi wako.

Mwalimu wa KKK: Nafundisha la kwanza na la pili. Huyo hasomi, amekariri, na wengi huanza hivyo. Je, anajua herufi kwa wimbo, "a, be, che"? Wimbo haumsaidii kuunganisha sauti. Kata boksi, andika silabi tano tu: ka, ta, ma, la, ti. Mwache azipange mwenyewe: kata, taka, kama, kati, lala. Mbwa na ng'ombe wasubiri. Dakika kumi kwa siku, akichoka acha. Hiyo ya b na d kwa wadogo ni kawaida, usimchape. Akifika la tatu bado anageuza, hapo mpeleke akapimwe, uanze na macho. Ila swali la Mama wa Wanne hujajibu. Umri?

Baba Kijana: Anatimiza sita Desemba.

Mama wa Wanne: YAANI ANA MITANO!

Mwalimu wa KKK: Awali alisoma wapi?

Baba Kijana: Hakusoma. Alikuwa anaimba a hadi z bila kukosea, shuleni wakasema mleteni tu. Sasa nimrudishe awali achekwe? Ana akili huyu, anataka kusukumwa kidogo. Halafu Kibaha nimeshalipa nusu.

Mwalimu wa KKK: Kumbe ulikuja hapa tukubariki. Mtoto wa miaka 5 mahali pake ni awali, anachezea vifuniko vya soda na kujifunza kushika penseli. Hajachelewa chochote. Wewe ndiye umewahi.

Mpelelezi Huru: Samahani kwa kuharibu sherehe. Nimepita kwenye nyuzi za huyu bwana. Machi aliandika, namnukuu: "Natafuta mchumba, sina mtoto." Hii ni chai wakuu.

Chuma Chakavu: Na ina tangawizi. Nilijua tu!

Baba Kijana: Ule uzi nilimwandikia rafiki.

Mama wa Wanne: Rafiki huyohuyo ndiye mwenye mtoto Kibaha?

Mzee wa Kisomo: Kwani mwanamume akitafuta mchumba huandika ana mtoto? Mimi mwenyewe mwaka 1984...

Mpelelezi Huru: Mzee, tafadhali.

Baba Kijana: Amini usiamini. Mwalimu, boksi nimekata jana. Amepanga "taka" akaisoma bila picha, halafu akaigeuza ikawa "kata", akacheka mwenyewe. Lakini hela ya Kibaha hairudishwi, kwa hiyo Jumapili tunakwenda kuangalia mazingira tu.

Mama wa Wanne: Kuangalia na begi?

Chuma Chakavu: Tuache hayo, mchumba alipatikana?