Geti lina vishimo vya kutu, pati inatangulia au praima?

mtu_wa_msasa
Wakuu habari zenu. Nina geti la chuma, huku chini kutu imelila mpaka limekuwa kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Nimepitisha brashi ya waya kwenye grinda mpaka linang'aa lakini ukichungulia ndani ya vishimo bado kuna weusi weusi. Fundi aliyelipaka mara ya mwisho alijaza pati (ile ya kuzibia na kusawazisha mashimo) juu kwa juu akapiga rangi, likapendeza kweli, haikuchukua muda rangi ikaanza kutoa malengelenge na pati ikabanduka vipande vipande, ukigeuza kipande nyuma yake ni kutu tupu. Safari hii nafanya mwenyewe. Vile vishimo navifanyaje? Kutu lazima itoke yote au kuna dawa ya kuiua humohumo? Na pati inatangulia au praima (ile rangi ya kwanza ya chini), maana kila ninayemuuliza ana lake.

Chomelea
Mkuu hiyo brashi ya waya usiiamini sana, kwenye vishimo inapita juu tu na mara nyingi inaisugua kutu mpaka inang'aa, unadhani umefika kwenye chuma kumbe bado. Chuma safi ni cha kijivu cheupe, ukiona weusi au kahawia iliyong'aa hiyo ni kutu bado imekaa. Na hiyo ndiyo iliyobandua pati yako, kwa sababu kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokitafuna, ikiendelea kukua huko chini lazima inyanyue kila kilicho juu yake.

Kabla hujanunua chochote chukua bisibisi na nyundo ndogo, gonga na ukandamize sehemu zote zilizoliwa. Ikibonyea au ikitoboka hapo hakuna cha pati, unakata unachomelea kipande kipya. Pati ni ya kusawazisha, haishiki uzito na haizibi maji.

Kama kuna mtu wa kupuliza mchanga kwa kompresa karibu yako basi mpe, hakuna kinachosafisha vishimo kama hiyo. Ila asitumie mchanga wa kujengea tafadhali, vumbi lake lina silika na linaua mapafu, zipo chembe maalum za kazi hiyo.

BiRangi
Naongezea kwa ambaye hana kompresa. Toa kwanza yote inayobanduka kwa patasi na brashi ya waya ya mkono, halafu paka asidi ya fosfori, hiyo inauzwa kama dawa ya kutu. Inageuza kutu kuwa fosfeti ya chuma, unaona inakuwa nyeusi au kijivu. Vaa glavu na miwani. Isugulie ndani ya vishimo kwa brashi, usiache ikauke kabla haijafanya kazi, na rudia mpaka vishimo viache kutoa wekundu. Lakini inafanya kazi kwenye kutu nyembamba tu, ukiipaka juu ya magamba inageuza ngozi ya juu na chini panaendelea kuliwa.

Baadaye soma kopo lako, kuna zinazotaka kuoshwa kwa maji na kuna zinazoachwa zikauke. Hili watu wanalipuuza halafu wanalaumu rangi, maana mabaki ya asidi chini ya praima ya epoksi yanaizuia isishike vizuri. Na kama uko karibu na bahari osha kwa maji mengi yasiyo na chumvi huku unasugua, chumvi inajificha chini kabisa ya kishimo na inavuta unyevu hata kupitia rangi. Ukishaosha kausha harakaharaka, chuma kitupu kinaanza kuota kutu nyepesi ndani ya saa chache tu.

Kopo_la_Tano
Kwenye pati mimi nasema inakaa juu ya chuma kitupu kilichokwaruzwa na msasa namba 80, ndivyo tulivyofundishwa na inashika.

BiRangi
@Kopo_la_Tano inashika ndiyo, kwa chuma kikavu kisicho na kutu sikatai. Ila hapa tunaongelea vishimo, na pati ya kawaida ya poliesta ina ulanga ndani, inanyonya maji. Ikikaa juu ya chuma kitupu ule unyevu unafika moja kwa moja kwenye vishimo. Ndiyo maana natanguliza epoksi, naipaka kwa brashi nikiikandamiza iingie ndani ya kila kishimo (spre inaruka juu inaacha hewa), ikikauka naikwaruza, ndipo pati nyembamba, ndipo epoksi tena. Pati usiisugue kwa maji, sugua kavu. Hadina (ile ya kuchanganya na pati ili igande) usizidishe, nyingi zinataka kama asilimia 2 hivi kwa uzito, angalia kopo.

Halafu sio kila kishimo kinahitaji pati jamani. Kule chini ambako hakuna anayetazama, praima nzito mara mbili inatosha, kadiri pati inavyopungua ndivyo kazi inavyodumu.

Chomelea
Hapo kwa epoksi kwanza nakubaliana na BiRangi. Tahadhari, epoksi usiiweke juu ya mabaki ya rangi ya mafuta ya zamani, inaweza kuikunja, toa yote. Na usiiache bila rangi ya juu, jua linaichakaza mpaka inatoa unga. Rangi ikiwa ya zamani sana inaweza kuwa na madini ya risasi ambayo ni sumu, hiyo usiisugue kavu hovyo, vaa barakoa ya maana na weka watoto mbali.

mtu_wa_msasa
Asanteni sana. Nimegonga kama mlivyosema, sehemu kubwa ni ngumu ila kona moja ya chini bisibisi imezama kabisa na maji ya kahawia yametoka ndani ya bomba la fremu ya geti!

Chomelea
Basi geti lako linaliwa kutoka ndani, maji yanaingia juu kwenye maungio hayana pa kutokea. Kata hiyo kona uchomelee kipya, ziba maungio ya juu, na toboa vitundu viwili vitatu upande wa chini wa bomba maji yapate njia. Ukipaka usivizibe. Acha likauke ndani vizuri kwanza, hata siku kadhaa za jua, ndipo uanze habari ya asidi na praima.