Poinsetia: vidudu vyeupe havikomi

Swali: Wakuu, nina poinsetia 40 za vyungu, yale maua ya Krismasi ya majani mekundu, chini ya wavu. Nikitikisa mche vidudu vyeupe vinaruka. Majani ya chini yananata na yana ukungu kama masizi. Nilipiga dawa mara moja, wiki moja tu vimerudi.

Jibu: Hao ni inzi weupe. Dawa imeua wanaoruka. Mayai na watoto, vile vigamba bapa vya manjano vilivyojibana chini ya jani, vimebaki. Kwenye joto yai huwa inzi ndani ya wiki tatu hivi, kwa hiyo rudia kila siku 5–7, mara nne. Lita 1 ya maji, mafuta ya mwarobaini ml 5, sabuni ya maji ml 2. Piga jioni, bomba likielekea juu kutoka chini ya jani. Dawa ya dukani ukibadilisha, badilisha kiambato (kemikali yenyewe inayoua), si jina la chupa.

Jibu: Ila majani mekundu yakishatoka, acha mafuta na sabuni. Yanatia madoa, na hapo mnunuzi wa Krismasi humpati.

Jibu: Kung'uta jani juu ya karatasi nyeupe. Vidoti vikitembea, una utitiri pia, na dawa nyingi za inzi haziugusi.