Migrivea ya kihambani: chensoo, ding-dong au kupeleka magogo mjini? (ulinganisho)

MangiKibosho
Wakuu habari za jioni. Mzee ameamua kutoa migrivea mitano kihambani (shamba la nyumbani) maana kivuli kimezidi kahawa haizai, kibali tumeanzia kwa mtendaji wa kijiji mpaka kwa afisa misitu wilayani kwa hiyo hapo pako sawa. Sasa sitaki kuuza miti ikiwa imesimama, madalali wanakuja na bei ya kuni utadhani hawaoni gogo, nataka mbao zangu nitengeneze meza ya kulia, kitanda cha tano kwa sita na kabati la vyombo la mama. Njia ninazoziona ni jamaa wa chensoo (msumeno wa cheni wa kushika mkononi) apasulie pale pale mti ulipoangukia, au ding-dong, ile mashine ya kupasulia inayohamishika, ya kukodi ila njia ya kuingia kwetu ni ile nyembamba mfereji uko pembeni, au nikodi Canter magogo yashuke Moshi mjini kwenye bendisoo (mashine ya kiwandani ya msumeno wa mkanda). Unene ni kama inchi 16 mpaka 20. Mwenye uzoefu anisaidie.

FundiNjoro
Mangi, watu wengi wanaangalia hela ya kupasulia wanasahau mbao inayogeuka unga. Cheni ya chensoo inakula karibu milimita 9 kila mkato, ding-dong ya msumeno wa duara 5 au 6, bendisoo kama 2 tu. Chukua mbao ya inchi moja, milimita 25. Kwa chensoo ili upate hiyo mbao gogo limepungua milimita 34, maana yake robo nzima ya mti wa mzee inabaki chini kama unga, wakati bendisoo unapoteza kama asilimia 7. Ukipasua inchi mbili kwa chensoo hasara inashuka mpaka kama asilimia 15, hapo inavumilika. Ding-dong ni ya kule Mufindi kwenye mashamba ya paina, magogo yako mengi sehemu moja na gari linafika, kwa miti mitano na huo mfereji mtashinda mnasukuma mashine.

kijana_wa_Chuga
Sasa mateso yote ya nini, uza magogo nunua paina iliyokauka fundi akupigie kitanda wiki hiyo hiyo

DadaRanda
@kijana_wa_Chuga paina "iliyokauka" umeiona wapi mdogo wangu? Nyingi zinazoletwa yadi hapa Arusha ukizishika zina maji bado. Paina siikatai, ni nyepesi, inarandika vizuri, mgongo wa kabati na droo za ndani naweka paina bila shida, lakini uso wa meza wa paina mtoto akidondosha kijiko unabaki na alama. Mgrivea ni mgumu zaidi ya hapo na una urembo wake.

Mangi, kaka Njoro kasema kweli kuhusu unga ila kuna la pili, usawa. Wapasuaji wengi wa chensoo wanapiga uzi wenye mkaa wa betri halafu wanafuata kwa macho, mbao inatoka mwanzo inchi mbili mwisho inchi moja na nusu, ukishapitisha plena (mashine ya kuranda) ili inyooke umebaki na moja na robo. Muulize kabla hamjapatana bei kama ana kile kifremu cha chuma kinachobana chensoo ikateleza juu ya ubao ulionyooka. Na muulize cheni anainoa vipi, ya kupasulia inanolewa kwa pembe ya kama nyuzi 10, ile ya kukatia magogo ni 30 na inaacha uso wenye mawimbi. Akikushangaa tu ujue huyo ni wa kuangusha miti, mlipe aangushe, kupasua tafuta mwingine.

Halafu mgrivea usiupasue kama mkate kuanzia juu mpaka chini. Kata gogo robo nne kwanza, toa mbao kutoka kila robo kwa kufuata mstari wa kuelekea kwenye kiini, ndo unapata yale madoa yanayong'aa kama hariri na mbao hazipindi sana. Kiini chenyewe kitoe kabisa, hakina siku kitapasuka. Bendisoo watakubali kupasua hivyo ukisimama hapo hapo, ukiondoka watapiga moja kwa moja maana ndio haraka kwao.

MzeeWaVihamba
Vijana mnabishana msumeno na mbao inaharibikia kwenye kukausha. Kibosho juu kuanzia Juni mpaka Agosti ni baridi na ukungu, mbao mbichi ukiibana bandani inaota kuvu, inakuwa nyeusi. Zishushwe mjini au mtaa wa Pasua huko kwenye joto, kivulini, zisiguse ardhi, katikati ya mbao na mbao weka fito kavu za inchi moja, na fito zipangwe zifuatane wima juu mpaka chini la sivyo mbao zitalala na mawimbi. Vichwa vya mbao vipakwe rangi ya mafuta siku hiyo hiyo ya kupasua kwa sababu maji yanakimbilia kutokea huko na ndiko nyufa zinaanzia. Magome yote ondoa, ndo nyumba ya wadudu. Juu weka mawe mazito. Kwa kawaida inahesabiwa mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene.

MangiKibosho
Shikamoo mzee wangu. Kwa hiyo inchi mbili ni miaka miwili?? Mama hilo kabati ameshalitangaza mpaka kwenye jumuiya.

MzeeWaVihamba
Marahaba. Kabati ni la mbao nyembamba, litatangulia. Meza isubiri.

FundiNjoro
Hiyo ya mwaka kwa inchi ni makadirio tu, huku chini Disemba mpaka Februari inakwenda haraka. Usikisie, pima. Kata kipande katikati ya mbao, sio kichwani, pima kwenye mizani ya duka la jirani, kiweke kwenye oveni moto mdogo kama nyuzi 100 mpaka kiache kupungua. Tuseme kilikuwa gramu 640 kikaishia 550, tofauti 90, gawanya kwa 550 ni kama asilimia 16 ya maji. Bado hapo. Kwa fenicha ya ndani huku kwetu ikifika 12 mpaka 14 anza kazi.

DadaRanda
Na hata ikikauka itaendelea kutanuka na kusinyaa kwenye upana, urefu haubadiliki wa kuona. Kwa hiyo uso wa meza usigongelee misumari wala kuugandisha na gundi kwenye fremu, toboa tundu refu kama yai kwenye fremu skrubu ipate kutembea. Kuna mteja meza yake ilitoka Arusha ikahamia Dar, kule unyevu mwingi uso ukavimba na haukupasuka kwa ajili ya hayo matundu tu. Ukiwa na haraka ya kutumia mbao mbichi tengeneza vigoda na mabenchi ya nje, miguu ikiwa mbichi na vile vijiti vya kuunganishia vikiwa vikavu kabisa, mguu unasinyaa unavibana wenyewe.

Vaa barakoa na mikono mirefu, mgrivea unawasha ngozi kwa baadhi ya watu, nina kijana kazini akishika mbichi tu anatoka vipele mpaka shingoni.

kijana_wa_Chuga
Dah nimenyamaza. Ila nauliza kwa faida ya wengine, na mringaringa je? Babu anao mmoja mkubwa kule Meru

FundiNjoro
Huo ndo mbao sasa, unarandika laini na haupindi ovyo. Lakini ni mti wa asili, usiuguse kabla hujaongea na afisa misitu, na mbao ukizipakia kwenye gari uwe na hati ya kusafirishia, barabarani wanauliza.

MangiKibosho
Nimewasoma wakuu. Magogo mawili manene yenye kunyooka nayashusha kwa Canter kwenye bendisoo nisimamie yapasuliwe robo kwa ajili ya uso wa meza na kabati, matatu yaliyobaki chensoo inchi mbili pale pale kwa kitanda na miguu, kama jamaa ana kifremu. Bandani kwa shangazi huko Pasua kuna nafasi ya kukaushia.

MzeeWaVihamba
Vizuri. Mpasuaji akitaka mgawane mbao nusu kwa nusu badala ya pesa ukatae, atachagua yeye.

kijana_wa_Chuga
Mangi mabanzi ya magogo ya bendisoo usiwaachie wale wa kiwandani bure, nina banda la kuku linataka kuta, nitafuata mwenyewe na bodaboda ya guta