Maafisa wa shirikisho wanaosimamisha madereva Texas kwa kisingizio cha trafiki: sheria gani inawaruhusu?

Wakuu, nilisema nipoe kwanza ndipo niandike. Sijapoa, naandika hivyo hivyo.

Shemeji yangu, mume wa dada, anaishi Houston na hutoka alfajiri kwenda kwenye ghala anakofanya kazi. Kadi ya ukaazi wa kudumu anayo, leseni ya Texas anayo, bima iko hai. Wiki iliyopita, kwenye barabara ya pembeni ya I-10, ile barabara kuu inayopita Houston, gari jeusi lisilo na maandishi yoyote lilimwashia taa za bluu na nyekundu zilizofichwa nyuma ya kioo. Akaegesha. Wakashuka wanaume wawili, nyuso wamezifunika, vesti zina jina la idara ya serikali kuu ya Marekani. Alipouliza kosa lake akaambiwa amehama njia bila kuwasha indiketa.

Askari wa trafiki wa Texas kitu cha kwanza anaomba leseni na bima. Hawa bima hawakuigusa. Swali la kwanza: umezaliwa wapi? La pili: uliingia nchini kwa viza gani? Funguo wakachukua, simu wakaiweka juu ya paa la gari asiifikie, akasimamishwa pale karibu saa nzima wenzake wa zamu wakipita wanamwona. Mwisho wakamrudishia funguo, wakaondoka. Tiketi hakupewa. Onyo la maandishi hakupewa. Hata jina la afisa hakupewa. Kama indiketa ndiyo iliyomweka mtu barabarani muda wote ule, tiketi yake iko wapi?

Nikaenda kwenye kundi letu la WhatsApp kuuliza nani anamjua wakili. Jibu la kwanza: "Ukivunja sheria za barabarani, yeyote mwenye beji ana haki ya kukushika." Na watu kumi wakaweka dole gumba! Huo ni uongo, na unatuumiza, kwa sababu mtu akiuamini hata kulalamika halalamiki.

Sheria za barabarani Marekani ni za jimbo. Kuhama njia bila indiketa ni kosa la Texas, si kosa dhidi ya Marekani. Afisa wa shirikisho, yaani wa serikali kuu, mamlaka yake anayapata kwenye sheria za Bunge la Marekani, na zile za kumkamata mtu bila hati ya kukamata zinazungumzia makosa ya shirikisho, makosa makubwa ya jinai, na kwa watu wa uhamiaji, mambo ya uhamiaji. Texas yenyewe imeandika kwenye sheria yake ya mwenendo wa makosa ya jinai kwamba wapelelezi wa shirikisho hawahesabiwi kuwa askari wa jimbo, na uwezo wao wa kukamata kwa sheria za Texas ni kwa makosa makubwa ya jinai tu. Hata askari wa doria ya mpakani, ili waweze kumzuia dereva mlevi, iliandikwa ruhusa maalumu: wawe kwenye kivuko rasmi cha kuingilia Texas kwa nchi kavu kutoka Mexico au kwenye kituo cha kudumu cha ukaguzi, na wamshikilie tu hadi wamkabidhi kwa askari wa jimbo. Madereva wa malori mnaopita barabara ya US 77 mnakijua kituo cha ukaguzi cha Sarita. Vituo vya aina hiyo ndivyo ninavyosema. Sasa kama kwa mlevi kabisa ilibidi Texas iandike kifungu, kwa indiketa wametoa wapi?

Zipo sehemu ambazo wana haki, tusidanganyane. Ndani ya kambi ya jeshi, ndani ya hifadhi za taifa, au kwenye barabara kama George Washington Memorial Parkway kule Virginia, ardhi ni ya shirikisho na tiketi yao ni halali kabisa. Ila I-10 si ya namna hiyo. Fedha za shirikisho zimeijenga, lakini barabara ni ya jimbo, na trafiki wake ni wa jimbo na wa miji.

Kuna mwingine kule kundini alinitupia kesi ya Whren ya 1996 akadhani amemaliza. Soma vizuri, ndugu. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kosa la barabarani likiwepo kweli, nia iliyofichika moyoni mwa askari haibatilishi kusimamishwa. Lakini wale walikuwa polisi wa jiji la Washington, watu wenye mamlaka ya trafiki. Ukitaka kesi inayohusu uhamiaji barabarani, ni Brignoni-Ponce ya 1975: askari wa doria ya mpakani lazima awe na mashaka yenye msingi, yanayotokana na mambo anayoweza kuyataja, na sura ya mtu peke yake haitoshi. Ndiyo maana wanakimbilia indiketa. Hawana la kutaja.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hata ukiwa na haki, pa kuidai ni padogo. Polisi wa jiji akivunja haki zako za kikatiba unamshtaki kwa sheria ya haki za kiraia ya 1871. Afisa wa shirikisho sheria hiyo haimgusi, na kwa hukumu ya Egbert dhidi ya Boule ya 2022, Mahakama Kuu karibu imeufunga mlango wa kumdai fidia yeye binafsi. Tena mwaka 2008, kwenye kesi ya Virginia dhidi ya Moore, ilisema kukamatwa kunakokiuka sheria ya jimbo si lazima kuwe kumevunja Katiba. Maana yake Texas inaweza kuandika katazo, afisa akalipita, na mahakama ya shirikisho ikamwacha. Kilichobaki ni kuidai serikali yenyewe: unajaza fomu SF-95 na kuipeleka kwenye idara husika ndani ya miaka 2 tangu tukio. Shemeji ameshaanza kuijaza.

Naomba wenye kamera za kwenye dashibodi mliosimamishwa Houston au popote Texas namna hii mtunze video, muandike saa, barabara na namba za gari lao siku hiyo hiyo. Mwenye wakili anayeshughulika na madai ya SF-95 anitumie PM.

Na wewe uliyeandika kule kundini kwamba shemeji angewasha indiketa yasingemkuta: nitajie kifungu cha sheria kilichompa yule afisa kazi ya trafiki. Nakisubiri hapa hapa kwenye uzi.