Klabu yetu ya bustani imebaki na watu sita kila mkutano, nyie wenzetu mnafanyaje?

TutaLaMwisho:
Habari zenu wana bustani. Naomba nitoe la moyoni mnishauri maana nimefika mahali sijui niende mbele au nirudi nyuma. Mi ni katibu wa klabu yetu ya bustani, huu ni mwaka wa tatu. Kwenye daftari tuko 41, kwenye grupu la WhatsApp tuko wengi kuliko hapo, ila mkutano wa mwezi ukiitishwa tunakuja sita, saba tukibahatika, na ni walewale. Sasa itangaze siku ya kugawana miche uone, watu wanajaa mpaka viti havitoshi, kila mtu na boksi lake mkononi, dakika ishirini meza nyeupe, ikibaki ile kazi ya kuosha vyungu na kufagia udongo ukigeuka nyuma hamna mtu.

Kinachoniuma zaidi ni lile shamba letu la pamoja. Yako matuta 12, mwanzoni yalikuwa ya wote, siku hizi yamekuwa ya mama mmoja mtu mzima ambaye ndo mwanachama wa zamani kuliko wote. Juzi nimepita jioni nikamkuta peke yake, kapiga magoti juu ya gunia anang'oa ndago moja moja na kijiti ili kitunguu cha chini kisikatikie ardhini, maana ndago ukiivuta tu inaacha kile kitunguu na wiki ijayo inachipua tena. Nikamwambia mama pumzika nitakuja kumalizia, akanijibu "mwanangu usijali mi nimezoea". Nimelala na hayo maneno.

Mwenyekiti anasema tuweke faini kwa asiyekuja. Mi moyo unakataa lakini sina jibu lingine la kumpa. Waliowahi kupitia hali hii walifanya nini?

MamaKitalu:
Pole sana katibu, hiyo kazi naijua. Kwanza nikutie moyo, watu sita sio wachache. Ile jumuiya kubwa ya bustani ya Uingereza, Royal Horticultural Society, ilianza mwaka 1804 na watu saba waliokutana kwenye duka la vitabu London, leo wanachama wake wamepita laki tano. Kwahiyo usihesabu viti, angalia hao sita wana nini.

Pili faini msithubutu. Mtu aliyejiunga kwa kupenda maua ukimdai faini hatakuja kulima, atatoka kwenye grupu usiku uleule na atawaambia na wenzake.

Sisi kilichotuokoa ni kuacha mikutano ya kukaa ndani. Yaani ajenda, kumbukumbu za kikao kilichopita, yatokanayo, tukavitupa vyote tukabakisha mkutano mmoja tu wa mwaka wa kuchagua viongozi na kusoma hesabu. Miezi iliyobaki tunazunguka kwenye bustani za wanachama, leo kwa huyu mwezi ujao kwa yule, saa mbili za kazi kisha tunatembea pamoja tukiangalia mimea yake. Mwenye bustani anachagua kazi moja iliyomshinda, mmoja alikuwa na mwaridi haujapogolewa miaka, mwingine ana mtaro umeziba, tukiwa kumi inaisha kabla jua halijawa kali. Na kuna kitu kinatokea hapo ambacho kikao hakikupi, mtu akishaona umechafua nguo zako kwenye udongo wake, siku ya bustani yako hawezi kukosa. Kwetu walioanza kurudi ni wale niliokuwa nimeshawakatia tamaa kabisa.

Huyo mama mzee wa ndago aanze yeye. Lakini msiende kama mnamsaidia, nendeni mkafundishwe hiyo namna ya kuchimbua na kijiti, wengi hawaijui wanavuta tu.

Beleshi77:
Naheshimu alichosema MamaKitalu hapo juu ila mi nina wazo tofauti kidogo, faini hapana lakini bure kabisa nayo inaua. Kitu cha bure watu wanakichukua kama mvua. Sisi siku ya kugawana tuliibadilisha ikawa siku ya KUBADILISHANA, unakuja na kitu unaondoka na kitu, na kama huna mche wala mbegu leta saa moja ya kazi, unawahi kabla ya wengine unapanga meza, unaandika vibao, au unabaki kuosha vyungu. Waliofanya kazi ndo wanachagua kwanza. Hatukumfukuza mtu hata mmoja, na ile mbio ya maboksi ikaisha yenyewe.

Ila kama mtaleta mbegu za nyumbani wekeni utaratibu mapema, sisi mwaka wa kwanza tulipata aibu. Kila pakiti iandikwe ni mmea gani, aina gani, na mwaka iliyovunwa. Kitunguu mbegu yake inachoka haraka, mwaka mmoja au miwili tu, wakati ya nyanya ikitunzwa pakavu penye ubaridi inakaa hata minne na zaidi. Ukiwa na mashaka chukua mbegu 10 zifunge kwenye karatasi laini iliyoloa, tia kwenye mfuko wa nailoni uweke mahali pa joto, baada ya wiki moja mpaka mbili hesabu zilizochipua, zikiwa tatu tu usimpe mwenzako bila kumwambia.

Na maboga!! Maboga jamani. Nyuki anatembea bustani hadi bustani, kwahiyo ukipanda aina mbili za jamii moja karibu karibu tunda la mwaka huu utaliona sawa kabisa, mchanganyiko umejificha kwenye mbegu, anakuja kuuona uliyempa. Kuna mwenzetu alipata boga chungu namna hiyo. Likiwa chungu lisiliwe hata kidogo, ule uchungu ni sumu, linaweza kumfanya mtu atapike na kuharisha vibaya. Nyanya na maharage hazina shida kubwa maana zinajichavusha zenyewe mara nyingi, anzeni na hizo. Mbegu chotara za dukani (zile F1) msizivune kwa ajili ya kugawa, watoto wake hawafanani na mama.

Mkimya_wa_Nyuma:
Mi sio kiongozi popote ila naomba niseme maana mi ni mmoja wa hao 35 mnaowatafuta, sio wa klabu yako lakini yetu ilikuwa hivyohivyo.

Nilijiunga sijui chochote. Mkutano wa kwanza nikakaa nyuma, watu wanaongea majina ya mimea kwa Kilatini, wanacheka mambo yaliyotokea miaka mitano nyuma, hakuna aliyeniuliza jina. Wa pili nikauliza kwanini nyanya zangu zinaoza kitakoni, bwana mmoja akanijibu "hilo tulishalijadili" wakaendelea. Sikurudi tena. Lakini siku ya miche nilikuwa naenda kwasababu pale huhitaji kujua kitu, unachukua unaondoka. Kwahiyo mnavyotuona wachoyo wengine ni waoga tu.

Kilichonirudisha ni kitu kidogo sana. Kuna mama alinipigia akasema nasafiri wiki mbili, unaweza kushika zamu yangu ya kumwagilia kitalu? Akanipa ufunguo wa stoo. Akanionyesha namna ya kuangalia kama maji yanahitajika, unachomeka kidole mpaka pingili ya pili, ukikuta pakavu unamwaga polepole chini kwenye shina sio juu ya majani. Nilikuwa naenda asubuhi kabla ya kazi. Nilipomrudishia ule ufunguo akasema kaa nao. Sasa hivi ni mwaka wa nne ninao.

Katibu usitume tangazo kwenye grupu kwa watu wote, tangazo la wote halina mwenyewe. Mpigie mtu mmoja kwa jina lake umpe kitu kimoja cha kushika. Na kwa atakayeuliza kama mimi, kuoza kitakoni kwa nyanya mara nyingi ni umwagiliaji wa leo mengi kesho hakuna, mmea unashindwa kufikisha madini ya kalisi (kalsiamu) kwenye tunda. Maji ya kiasi kilekile na matandazo juu ya udongo, kwangu yaliisha.

MbojiKwanza:
Niongeze la shamba la pamoja maana hapo ndo klabu nyingi zinavunjikia, na yetu ilibaki kidogo tu.

Tulipewa samadi ya bure toroli kwa toroli tukatandaza matuta yote kwa furaha. Wiki tatu baadaye nyanya zikaanza kujikunja ncha za juu kama ngumi ya mtoto, majani ya maharage yakawa membamba yamejikunja kama kikombe. Watu wakaanza kulaumiana, huyu kaleta ugonjwa kwenye miche yake, yule kapulizia dawa, wawili waliacha kusalimiana. Mwisho tukagundua ni samadi. Zipo dawa za kuua magugu ya majani mapana zinazopuliziwa kwenye nyasi za malisho, mnyama anakula, zinapita tumboni zinatoka kwenye samadi zikiwa bado na nguvu, na hata mboji haizimalizi upesi. Aliyetupa samadi mwenyewe hakujua.

Tangu siku ile hakuna samadi inayoingia bila jaribio. Vyungu vitatu tunachanganya na hiyo samadi, vitatu udongo wetu peke yake, tunapanda maharage tunasubiri wiki tatu mpaka nne. Yakikunja hairuhusiwi. Hii kazi tumewapa watoto wa wanachama, wanachora majani kila Jumamosi, na wazazi wao wanalazimika kuwaleta 😀 mahudhurio yamepanda kwa njia hiyo.

Na jengeni lundo moja la mboji la wote, angalau mita moja kila upande ili lishike joto. Mabichi na makavu yachanganyike, unyevu uwe kama sifongo uliyoikamua. Kila mtu akija na ndoo ya maganda yake anakutana na mwenzake palepale. Lundo likipanda nyuzi 55 ukaligeuza asubuhi linatoa mvuke, hapo hamna mtu atakayeondoka bila kuingiza mkono kuhisi. Ndago na magugu yaliyoshika mbegu msitie humo.

TutaLaMwisho:
Ndugu zangu asanteni sana, nimesoma yote mara mbili na lile la Mkimya limenigusa nikaamua nisingoje. Nimefungua daftari nikachagua majina matano ya watu ambao sijawaona mwaka mzima nikawapigia mmoja mmoja. Wawili hawakupokea. Mmoja aliniambia wazi kabisa kwamba aliacha kuja kwasababu alileta miche ya pilipili siku moja na hakuna aliyesema hata asante, nikamwomba radhi kwa niaba ya wote. Wawili wamekubali.

Leo asubuhi tulikuwa tisa kwenye matuta na yule mama ndo mwalimu, kakaa kwenye kiti safari hii anaelekeza kwa fimbo "hapo, chimba chini zaidi, bado umeacha". Tumemaliza matuta matano. Mwenyekiti naye alikuwepo, la faini hajaligusa.

MbojiKwanza naomba unijibu kitu kimoja, tumeokota karibu ndoo mbili za vile vitunguu vya ndago, nimezuia watu wasimwage kwenye mboji kama ulivyosema, sasa tunazipeleka wapi?

MbojiKwanza:
Zianike juani juu ya bati au sakafu ngumu, sio juu ya udongo, mpaka zikauke kabisa ukizibonyeza zivunjike. Msizirundike, zitandaze safu moja. Na mwambieni yule mama azikague yeye kabla hamjazitupa.